Supu ya Mboga ya Waitalia

Mkulima akienda sokoni huchagua mboga zake. Zilizo nzuri hutiwa kikapuni. Karoti iliyopinda, kabichi iliyopasuka na nyanya iliyoiva mno hubaki nyumbani. Mara nyingi hizo hupewa ng'ombe au huoza tu. Na jioni watoto wa mkulima huyo huyo hula ugali na kitoweo kidogo. Jambo hili si jema, wala halina sababu.

Wakulima wa Italia wana njia yao ya zamani ya kutumia mboga za namna hiyo. Hupika supu nzito iitwayo minestrone, maana yake "supu kubwa". Haina kanuni moja. Watu wa Milano hutia mchele. Wa Genova huimalizia kwa rehani iliyotwangwa pamoja na kitunguu saumu, jibini na mafuta ya zeituni. Kila mpishi hutia kile ambacho bustani yake imetoa majira yale.

Nawe, bibi msomaji, usidhani kwamba hiki ni chakula cha kigeni usichokiweza. Maharagwe yao yenye madoa mekundu yanafanana sana na rosekoko yetu, na mboga nyeusi ya majani ipendwayo Toscana ni ya jamii moja na sukuma wiki.

Kwa watu 6 tayarisha vitu hivi: maharagwe makavu kikombe 1, kitunguu kikubwa 1, karoti 2, viazi 2, nyanya 4, robo ya kabichi au fungu la sukuma wiki, punje 2 za kitunguu saumu, mafuta vijiko 3, makaroni nusu kikombe, na chumvi. Ukiwa na selari, tia bua 1.

Kwanza, loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, uyachemshe kwa moto mkali dakika 10 nzima, kisha punguza moto mpaka yalainike. Usiliruke jambo hili, kwani maharagwe yasiyochemka vizuri yaweza kuleta kutapika na kuhara. Wala usiyapike pamoja na nyanya tangu mwanzo, kwa maana ukali wa nyanya huyazuia kulainika.

Pili, katakata kitunguu, karoti na selari vipande vidogo. Vikaange kwa moto mdogo kama dakika 10, ukikoroga. Visiungue, vilainike tu na kutoa utamu wake. Ladha yote ya supu huanzia hapa, basi usifanye haraka.

Tatu, tia kitunguu saumu, nyanya na viazi, kisha maji lita 1 na nusu na chumvi. Acha ichemke polepole dakika 20. Ndipo utie kabichi na maharagwe. Baada ya dakika 5 tia makaroni, upike mpaka yaive. Ukitaka supu iwe nzito zaidi, ponda maharagwe machache kwa mwiko.

Kumbuka kanuni hii: kigumu hutangulia, laini hufuata. Ukitia vyote kwa pamoja, majani yatarojeka na viazi bado ni vigumu.

Chakula hiki kina faida nyingi. Maharagwe hujenga mwili wa mtoto, hata siku ambayo hakuna nyama. Karoti na majani mabichi yana vitamini A inayolinda macho, na yale mafuta kidogo huusaidia mwili kuipokea.

Supu ikibaki, usiitupe. Watu wa Toscana huichemsha tena kesho yake pamoja na mkate mkavu, wakaiita ribollita, yaani "iliyochemshwa tena". Wewe pia waweza kufanya hivyo, mradi uifunike, uiweke mahali pa baridi, na kuichemsha sawasawa kabla ya kula.

Basi siku ya soko ijayo, kabla kikapu hakijaondoka, toa kwanza fungu la nyumbani. Fedha za mboga ni nzuri, lakini si vyema mtoto wa mkulima akose mboga penye shamba la mboga.