Iulize Seva Yenyewe

Jumamosi ya Januari 25, 2003, mnyoo wa kompyuta uitwao Slammer uliivamia intaneti. Ulikuwa na baiti 376 tu. Mwanzoni, idadi ya seva zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika 10 hivi, nyingi kati ya seva zenye udhaifu ambao mnyoo huo uliutumia zilikuwa zimekwisha kuambukizwa. Marekani, mashine za kutolea fedha za Bank of America ziligoma. Korea Kusini, mamilioni walikosa mtandao.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwepo. Microsoft ilitoa kiraka cha SQL Server 2000, programu ya hifadhidata ambayo mnyoo huo uliishambulia, Julai 2002, miezi sita kabla. Lakini wengi hawakujua hata kama wana programu hiyo: toleo lake dogo, MSDE, lilikuja limefungashwa ndani ya programu nyingine. Ufa usioujua huuzibi.

Kulijua toleo la hifadhidata yako ni kazi ya mstari mmoja. Kwenye SQL Server andika SELECT @@VERSION. Kwenye MySQL na PostgreSQL, SELECT VERSION(). Hapo inajibu seva yenyewe, ile inayofanya kazi wakati huo.

Mtego uko kwenye njia za mkato. Amri psql --version ya PostgreSQL hukupa toleo la programu unayotumia kuongea na seva, si la seva, ambayo huenda iko kwenye mashine nyingine kabisa. Hata orodha ya programu zilizosakinishwa yaweza kukupoteza: faili mpya ziko kwenye diski, ila seva haijawashwa upya, hivyo kwenye kumbukumbu bado linaendeshwa toleo la zamani lenye tundu.

Namba nayo ina kanuni zake. PostgreSQL 16.4 ni toleo kuu la 16 lililopata marekebisho ya nne. Lakini kabla ya toleo la 10 la mwaka 2017, 9.5 na 9.6 yalikuwa matoleo makuu mawili tofauti. SQL Server 2019 hujitambulisha kwa namba 15. Kila toleo kuu la PostgreSQL huhudumiwa miaka mitano, kisha viraka hukoma.

Basi ukiambiwa seva imesasishwa, usipokee maneno matupu. Iulize, andika namba, kisha uilinganishe na orodha ya matoleo ambayo bado yanahudumiwa.