Slaidi ya Majini Si Bembea: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupeleka Watoto Kuogelea

Shule zinapofungwa na mwaka unapoelekea kwisha, vikundi vingi huketi na kuulizana: hela kidogo tulizobakiza, tuwafanyie watoto nini? Zamani jibu lilikuwa soda na mandazi chini ya mwembe. Siku hizi watoto wenyewe wanasema: tupelekeni kwa hoteli yenye kidimbwi cha kuogelea, tena kiwe na slaidi. Nasi hatuoni ubaya. Mtoto anayeshika jembe na kuchota maji mwaka mzima naye anastahili siku ya kufurahi.

Lakini tunataka kuwaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, ili lisiwapate ninyi.

Tulikodi basi, tukapeleka watoto 31 kwa hoteli moja ya pwani. Watu wazima tulikuwa saba. Kulikuwa na slaidi fupi ya watoto wadogo, na nyingine ndefu yenye kona inayomwaga mtu katika kidimbwi kingine. Wanne wetu tuliketi kando ya maji, tukifungua vyakula na kupiga gumzo. Mtoto wa miaka 6 akawafuata wakubwa, akapanda ile ndefu. Alipofika chini alizama, na kabla hajasimama mwenzake akashuka akamwangukia. Aliyemwona ni kijana wa kufagia, si sisi. Aliruka na nguo zake akamtoa. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia. Kile kilio tulikipokea kama wimbo.

Jambo lililotuuma ni hili: tulikuwa mita chache tu kutoka pale, wala hatukusikia kitu. Sisi tulidhani mtu anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Kumbe sivyo.

KUZAMA HAKUNA KELELE

Mtoto akizama, mdomo wake unaingia na kutoka majini. Anapoutoa anatafuta pumzi, hapati nafasi ya kuita. Mikono yake inabonyeza maji chini, haipungi. Kwa anayetazama kwa mbali ni kama anacheza. Kwa muda usiofika dakika moja anaweza kuwa ameshakwenda chini. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika kabisa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Wengi walikuwa wa nchi kama zetu, zisizo tajiri. Kwa hiyo jambo hili si la watalii peke yao.

KWA NINI SLAIDI NI HATARI KULIKO KIDIMBWI KITUPU?

Bembea ya shuleni mtoto huisimamisha kwa miguu yake. Slaidi ya majini haisimamishwi. Yale maji membamba yanayotiririka juu yake yanafanya mwili usishike popote, na kadiri slaidi inavyokuwa ndefu na yenye mteremko mkali, ndivyo mwendo unavyoongezeka. Kinachomsimamisha mtoto ni maji ya chini. Anayaingia kwa kishindo, anazama kwanza, mara nyingine anageuzwa, asijue juu ni wapi. Maji yanayomwagika kutoka slaidini nayo yanamsukuma mbele, mbali na ukuta.

Tena kuna hesabu ya kina. Mtoto wa miaka 4 huwa na urefu wa kama sentimita 100. Mdomo wake uko kwenye sentimita 85 hivi kutoka chini. Maji ya sentimita 90 kwako wewe ni ya kiunoni, lakini yeye yameshamfunika mdomo hata akisimama wima. Kwa hiyo msikubali kuambiwa "hapa ni kina kifupi." Ulizeni: kifupi kwa nani?

KABLA YA SAFARI

1. Pimeni watoto nyumbani. Chukueni fimbo iliyonyooka, mtie alama kwenye sentimita 100 na 120. Hoteli nyingi hazimruhusu mtoto aliye chini ya sentimita 120 hivi kupanda slaidi kubwa. Mkipima mapema, kila mtoto atajua slaidi yake kabla ya kufika, na hakutakuwa na kilio mlangoni. Msimwongezee mtoto miaka wala urefu ili apite. Kile kipimo hakikuwekwa kuwanyima raha.

2. Tumeni mtu mmoja aende kuona, au mpige simu mkaulize. Je, kuna mlinzi wa kidimbwi, na kazi yake ni hiyo moja tu, au pia anauza soda? Kina ni kiasi gani mahali slaidi inapomwagia? Maji ni safi kiasi cha kuona sakafu? Kidimbwi ambacho huoni chini yake msiingize mtoto, kwa maana aliyelala chini hataonekana.

3. Ulizeni kuhusu matundu ya kutolea maji chini ya kidimbwi. Pampu huyavuta maji kwa nguvu, na tundu lisilo na kifuniko kizima linaweza kushika nywele, nguo au mkono wa mtoto asiinuke tena. Marekani walipitisha sheria ya vifuniko hivyo mwaka 2007 baada ya watoto kufa kwa njia hiyo. Mkiona kifuniko kimevunjika au hakipo, watoto watoke, mkamweleze msimamizi.

4. Hesabuni watu wazima kwanza, ndipo mhesabu watoto. Sisi sasa tunafuata hivi: mtoto wa chini ya miaka 5 ana mtu mzima wake mmoja, karibu kiasi cha kumshika kwa mkono. Wa miaka 5 hadi 8, mtu mzima mmoja kwa watoto watatu. Kama watu wazima hawatoshi, punguzeni watoto au waingie majini kwa zamu. Msifanye kama sisi, watoto 31 na macho yote kwenye sufuria.

SHERIA ZA SLAIDI

Wafundisheni watoto haya nyumbani, wayarudie kwa mdomo mpaka wayajue:

- Mmoja mmoja. Hakuna kushikana mkia kama garimoshi.
- Miguu mbele, umelala chali au umeketi, kama mlinzi anavyosema. Mikono imekunjwa kifuani. Kichwa mbele ni marufuku, kwa sababu kichwa kikigonga sakafu shingo inaweza kuvunjika.
- Usianze kushuka mpaka aliyetangulia ametoka mahali pa kutua. Kumwona amefika haitoshi, lazima awe ameondoka.
- Ukifika chini, simama, toka upande. Usirudi nyuma kuangalia nani anakuja.
- Hakuna kusukumana ngazini, kukimbia, wala kupanda slaidi kutoka chini kwenda juu.
- Hakuna mkufu, mkanda, zipu, kanga, wala kamba shingoni. Vitu hivi hunasa mwungano wa slaidi, na mwili unaendelea kwenda.
- Ngurumo ikisikika, wote watoke majini. Kama jua ni kali, mtu mzima aguse slaidi kwanza pale pasipopita maji. Inaweza kuunguza ngozi.

Na akina mama na akina baba, hili ni letu: msimpakate mtoto mdogo mkashuka naye. Tunafanya hivyo kwa upendo, tukidhani tunamlinda. Lakini mguu mdogo ukigusa ukingo na kukwama, uzito wa mtu mzima unaendelea kuteremka, na mfupa wa mguu unavunjika. Madaktari wanaijua vizuri ajali hii, hata kwa slaidi za nchi kavu. Kama mtoto hawezi kushuka peke yake, basi slaidi hiyo bado si yake.

Vipi vile vifaa vya kujaza hewa, vya kuvaa mikononi au kiunoni? Hivyo ni vya kuchezea. Vinachomoka, vinapasuka, na vile vya kiunoni vinaweza kumgeuza mtoto kichwa chini. Jaketi la kuelea lenye kipimo chake na mikanda iliyofungwa ni afadhali. Hata hivyo ulizeni mlinzi kwanza, maana slaidi nyingine haziruhusu jaketi. Na hata akilivaa, jicho lisiondoke kwake.

"LAKINI SISI HATUJUI KUOGELEA"

Hili ndilo swali kubwa, na tusione haya kulisema. Wengi wetu tumekulia mbali na bahari na ziwa. Je, tutamlindaje mtoto majini?

Kwanza, tumeweka kanuni moja: mahali ambapo mtu mzima wa kikundi hawezi kusimama na kutembea, mtoto wetu haendi, isipokuwa mkubwa anayejua kuogelea kweli na mlinzi yuko. Slaidi za watoto wadogo kwa kawaida humwaga kwenye maji yanayomfika mtu mzima magotini au mapajani. Pale hata shosho anaweza kusimama. Asimame ndani ya maji, kando ya mahali pa kutua, ampokee kila anayeshuka na kumwonyesha njia. Mwingine asimame juu ngazini, aachilie mmoja mmoja anapopewa ishara ya mkono na aliye chini.

Pili, chagueni mtazamaji. Huyu hafanyi kazi nyingine yoyote. Hashiki simu, hapakui chakula, hapigi gumzo. Avae kofia ya rangi inayojulikana, na baada ya kila dakika 20 ampe mwingine kofia hiyo mkononi. Ukiishika kofia, watoto ni wako. Siku yetu ile, wanne tulikuwa tunatazama, kila mmoja akidhani mwenzake anaona. Kumbe hakuna aliyeona.

Tatu, wapangeni watoto wawili wawili. Kila dakika 10 pigeni filimbi, kila mmoja ainue mkono wa mwenzake, mhesabu. Mtoto akikosekana, tafuteni majini kwanza kabla ya chooni au dukani.

Nne, msiruke kumwokoa kama hamjui kuogelea, tutapoteza wawili. Pigeni kelele za kuita mlinzi. Mnyoosheeni fimbo, kanga au tawi, au mtupieni kitu kinachoelea, hata mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko.

AKITOLEWA MAJINI HAPUMUI

Msimning'inize miguu juu, wala msimkamue tumbo. Hayo yanapoteza wakati, tena yanaweza kuleta matapishi yakaingia mapafuni. Mmoja apige simu 999 au 112. Mwingine aanze mara moja:

Mlaze chali mahali pagumu. Rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu. Mzibe pua, umpulizie mdomoni pumzi 5, ukitazama kifua kikiinuka. Kama bado hapumui wala hajisogezi, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kishuke kama theluthi moja ya unene wake, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2, kisha 30 tena. Msiache mpaka apumue au msaada ufike.

Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anacheka. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Kusoma haya hakutoshi, mikono inahitaji kuzoezwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha huduma ya kwanza. Kikundi kinaweza kuchanga kikapeleka hata wanachama wawili, nao wakafundisha wengine.

HAKI YENU NI IPI?

Msiogope kuuliza maswali kwa sababu mmevaa ndala na wengine wamekuja na magari. Sheria ya Kenya, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali achukue tahadhari ya kufaa kwa wageni wake, tena inasema ategemee kwamba watoto huwa si waangalifu kama watu wazima. Mmelipa kiingilio kama wengine. Slaidi isiyo na mlinzi, mna haki ya kuuliza yuko wapi. Lakini kumbukeni, mlinzi ana watoto mia, nawe una watatu. Yeye ni wa pili, wa kwanza ni wewe.

TURUDI NYUMBANI

Baada ya siku ile, wengine walitaka tusipeleke watoto tena. Tukajadili, tukaona haifai. Mtoto asiyefundishwa maji hotelini atayakuta kwa bwawa la ng'ombe, kwa shimo la mawe lililojaa mvua, kwa tangi lisilo na kifuniko. Hata ndoo ya maji inaweza kumuua mtoto anayetambaa. Yale tuliyojifunza kwa slaidi, yaani kutazama na kuhesabu na kukaa karibu, yanafaa pale pale kijijini. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai, tangu 2021, kuwa siku ya kuzuia kufa maji. Kikundi kinaweza kuitumia kuzungukia visima na matangi ya wanachama na kuona kipi hakina kifuniko.

Yule mtoto wetu anaendelea vizuri. Mwaka uliofuata alikuja tena. Alishuka slaidi fupi, miguu mbele, mikono kifuani, akapokewa chini na mamake aliyesimama majini akiwa amevaa ile kofia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anajua kuogelea? Ni nani amefundishwa huduma ya kwanza?
2. Tukiwa na watoto 20, tunahitaji watu wazima wangapi, na zamu ya kofia itaendaje?
3. Ni maji gani hapa kijijini yanayoweza kumzamisha mtoto leo? Nani atayafunika, na lini?