Wishwa, Pumba na Afya ya Matumbo Yetu



Kila mmoja wetu ajua kuwa makonyo si takataka. Karafuu zikishachambuliwa, makonyo huwekwa kando yakapelekwa kiwandani Wawi, yakatolewa mafuta. Lakini jikoni hatujapata akili hiyo. Wishwa wa mchele twawapa kuku, pumba za mahindi twawapa ng'ombe, kisha sisi twala kilichobaki cheupe, na twaona fahari.

Kilichomo katika wishwa na pumba ni nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya nafaka, kunde, mboga na matunda ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuisaga. Kwa kuwa haisagiki, hata matabibu wa zamani waliidhani haina kazi.

Nami sikulielewa jambo hili vizuri mpaka mwaka jana, nilipokwenda Matiri, huko Mbinga, kuwatazama wakulima wenzetu wa kahawa. Wamatengo wa milima ile hulima kwa ngoro. Hufyeka majani, huyaacha yakauke, huyapanga kwa mistari inayokatana mfano wa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Shimo la kati huzuia maji ya mvua yasiporomoshe udongo, na majani huoza chini yakaleta rutuba ya mahindi na maharage. Mzee aliyenionyesha shamba lake alisema, "Haya si chakula chetu, ni chakula cha udongo." Usiku akanikaribisha ugali wa dona kwa maharage.

Basi utumbo mpana ni shamba la namna hiyo. Ndani yake wanaishi vijidudu visivyo na idadi, vingi vyao ni marafiki. Nyuzinyuzi zikifika huko, vijidudu huzichachua, zikatoka asidi ambazo ndizo chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Zile zisizochachuka hushika maji, choo kikawa laini na kikubwa, kikapita bila ya mtu kujikamua. Wazee walisema hakuna haya katika kutafuta elimu, kwa hiyo naandika wazi: bawasiri wengi wetu twaijua, na kujikamua ni moja katika sababu zake.

Habari hii kwa sehemu kubwa ilianzia hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Tabibu Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929, na mpasuaji Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946, baadaye akawa hospitali ya Mulago, Kampala. Waliona kuwa maradhi mengi yaliyozoeleka Ulaya ni nadra kwa wanavijiji. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walitangaza vipimo vyao: chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi, na choo chake cha siku kilizidi gramu 400. Kwa Waingereza waliokula vyakula vilivyokobolewa, kilichukua zaidi ya siku 3, na choo kilikuwa kama gramu 100 tu.

Ama sukari, tazameni bamia na mlenda. Ule ute ni nyuzinyuzi za aina ya pili, na maharage pia yanazo. Huufanya uji wa chakula tumboni kuwa mzito, sukari ikaingia katika damu pole pole badala ya kwa kishindo. Kadhalika hushika nyongo ikatoka nayo, na ini hulazimika kuchukua lehemu katika damu ili kutengeneza nyongo nyingine.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Kilimanjaro kwa vijana wanaume 77. Wengine waliozoea chakula cha asili walipewa cha kizungu kwa majuma mawili, wakaongezeka uzito, na damu yao ikaonyesha mwili unapambana kana kwamba una maradhi. Waliogeuzwa kutoka chakula cha mjini kwenda cha asili, damu yao ilionyesha kinyume chake. Vyakula hivyo vilitofautiana kwa mengi, si nyuzinyuzi peke yake, lakini mimi naona ushahidi watosha kwa jikoni.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau gramu 25 kwa siku. Kikombe cha wali mweupe hakitimizi hata gramu 1. Kikombe cha maharage yaliyopikwa hupita 10.

Sasa niifikie hoja iliyo mbele ya Kamati. Msimu uliopita wachumaji wetu tuliwalisha chai ya sukari na boflo asubuhi, wali mweupe mchana, wali mweupe usiku. Wengi walilalamika kufunga choo, na wawili katika wanachama wenye maradhi ya sukari walishindwa kumaliza kazi. Hoja ni kuwa usiku tupike dona na maharage, na mchungwa au embe liliwe lenyewe, lisikamuliwe likachujwa. Wenye kutumia dawa za sukari wamwambie daktari wao kwanza. Na tusianze kwa pupa: juma la kwanza mara mbili tu, maharage yalowekwe tangu jana yake, na mapipa ya maji yawe karibu, kwani nyuzinyuzi bila ya maji huzidisha kufunga, na nyingi kwa ghafula hujaza upepo.

Asiyekubali alete neno lake ofisini kabla ya mkutano. Bei za dona na maharage nimezibandika mlangoni.

Katibu