Tarakilishi kuukuu zingali na kazi shuleni

MNUNUZI wa mitumba katika Soko la Toi, kando ya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, hatoi pesa kabla ya kuligeuza shati upande wa ndani, kukagua mshono na kukivuta kitambaa. Umri wa shati si hoja kwake, bora liwe imara. Shule za Kibera na Kawangware zenye tarakilishi kuukuu zafaa kuzikagua vivyo hivyo kabla ya kuzitupa.

Suala hili limekuwa zito tangu Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya kuimarisha usalama wa mfumo wa Windows 10. Windows 11, uliozinduliwa mwaka 2021, unadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Mwalimu mkuu huambiwa basi anunue mpya, na mzigo huo huishia kwa mzazi.

Ipo njia nyingine. Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, hutolewa bila malipo na yeyote aruhusiwa kuunakili. Una matoleo mengi. Lubuntu na antiX ni mepesi kwa kuwa yamepunguziwa madoido ya skrini yanayomeza kumbukumbu. Puppy huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi, hata diski ya mashine ikiwa imekufa. Hivyo fundi anaweza kuujaribu mfumo kabla ya kufuta chochote.

La kwanza kukagua ni iwapo kichakataji ni cha biti 32 au 64. Debian, ambayo ni msingi wa matoleo mengi, iliacha kutoa toleo kamili la biti 32 mnamo Agosti 2025, na waliosalia na mashine hizo wana machaguo machache. Kisha kumbukumbu: kuiongeza hadi gigabaiti 4 na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD huleta nafuu kuliko hila yoyote ya programu.

Hata hivyo, wengi hudanganyika hapa. Mfumo waweza kuwa mwepesi, lakini kivinjari kikifungua kurasa chache za leo humeza kumbukumbu yote ya mashine ya gigabaiti 1. Mashine ya aina hiyo iachiwe uchapaji na hesabu za LibreOffice. Au zifuatwe mbinu za LTSP, mradi ulioanza mwaka 1999: seva moja yenye nguvu hufanya kazi, na mashine dhaifu zinabaki kuwa skrini na kibodi tu. Bila shaka, seva ikizimika, darasa zima linasimama.

Walimu nao wana hoja yao. Vitabu vingi vya somo la kompyuta vimeandikwa kwa kufuata programu za Microsoft. LibreOffice hufungua faili za Word, ila mpangilio wa kurasa huweza kuvurugika. Mwanafunzi asikutane na tofauti hiyo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Shirika la Computer for Schools Kenya limekuwa likisambaza tarakilishi zilizokarabatiwa tangu mwaka 2002, na si kila mashine hustahili kuokolewa. Ile ya mezani yenye skrini nzito ya kioo yaweza kutumia zaidi ya wati 150, na shule inayonunua umeme kwa tokeni itaulipia kila siku.