Nuru kwa Tangi la Maji ya Chumvi: Jinsi ya Kujiundia Taa ya Diodi

Mzamiaji ashukaye kando ya mwamba wa matumbawe huona kwamba kadiri aendavyo chini ndivyo rangi zinavyompotea machoni. Nyekundu hutoweka kwanza. Kwenye kina cha mita 10 imekwisha karibu yote. Kisha hufuata rangi ya machungwa na ya manjano, na mwishowe hubaki buluu. Sababu ni kwamba maji hufyonza mawimbi marefu ya nuru upesi zaidi kuliko mawimbi mafupi. Viumbe wa mwambani wamezoea nuru ya namna hiyo tangu zama za kale, na mwalimu wa sayansi atakaye kufuga wachache wao katika tangi la shule hana budi kulifikiria jambo hilo kabla ya kuuliza bei ya taa.

Matumbawe ni wanyama, ingawa wengi wetu tulipokuwa wadogo tuliyadhani kuwa mawe. Ndani ya nyama zao laini huishi mwani wa seli moja, ambao kwa usanisinuru hutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Mwani huo hufyonza hasa nuru yenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 500, yaani zambarau na buluu. Nuru ikipungua mno, mnyama hudhoofika polepole kwa njaa. Ikizidi ghafla, hasa maji yakiwa ya moto, mwani hutoa kemikali za oksijeni zenye sumu, naye mnyama huufukuza mwilini mwake. Hapo hubaki mweupe kama chokaa, na asipoupata tena kwa wakati hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda kupita kiasi na matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakapauka. Tangini jambo hilo hilo laweza kutokea kwa muda wa siku chache.

Zamani wafugaji walitumia taa kubwa za gesi zenye wati 150 au 250. Ziling'aa sana, lakini zilichemsha maji. Katika nchi za baridi hilo lilivumilika. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari ni hatari tupu. Ndiyo maana diodi itoayo nuru, ambayo wauzaji huiita LED, ina faida kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wale walioanza kuitumia.

Diodi hiyo ni kipande kidogo cha nusu-kipitishi. Elektroni ivukapo mpaka uliomo ndani yake hushuka ngazi ya nishati, na tofauti hutoka kama fotoni moja ya nuru. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaweza kupiga hesabu wenyewe: wakigawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, watapata nishati ya fotoni katika elektroni-volti. Kwa nuru nyekundu ya nanomita 625 jibu ni 2 hivi. Kwa buluu ya nanomita 450 ni 2.76. Hivyo diodi nyekundu huwaka kwa volti 2 na kidogo, hali ya buluu hudai zaidi ya 3 inapofanya kazi kwa nguvu. Diodi nyekundu ya kwanza iliyotoa nuru ya kuonekana iliundwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962. Buluu yenye mwanga wa kutosha ilichukua miaka 30 zaidi, na waliofanikisha kazi hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Diodi nyeupe nayo ni mtoto wa buluu: chembe yake hufunikwa kwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya nuru hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu.

Hebu sasa tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Ujazo wake ni lita 63, lakini mawe na mchanga vikishatiwa maji hubaki lita 50 hivi. Diodi 12 za aina ya wati 3 zatosha: 8 za buluu ya nanomita 450 na 4 nyeupe. Wako wanaopenda buluu tupu; mimi sioni busara ya kufanya hivyo shuleni, kwa kuwa mwanafunzi hataweza kutambua rangi halisi ya samaki, na mwani mwekundu wa baharini hutumia pia nuru ya kijani ambayo buluu tupu haina. Diodi zote huungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Kila moja ikitumia volti 3.2, jumla ni volti 38.4, kwa mkondo wa ampea 0.7 nguvu ni wati 27 tu. Taa ikiwaka saa 9 kwa siku hula kama robo ya yuniti ya umeme.

Hapa ndipo mafundi wengi wanaoanza huteleza. Diodi haifuati Kanuni ya Ohm. Ukiongeza volti kidogo tu, mkondo huruka juu sana. Tena kadiri diodi ipatavyo joto ndivyo idaivyo volti chache zaidi, basi mkondo huongezeka, joto huongezeka, na mwisho wake ni kuungua. Mtu atasema: tutie kikinza. Na tujaribu. Chukua diodi 3 kwenye betri ya volti 12, mkondo ukitakiwa kuwa ampea 0.35. Diodi hula volti 9.6, zinabaki 2.4, hivyo kikinza ni cha omu 6.9 hivi. Lakini betri ya sola inapochajiwa adhuhuri hufika volti 14.4. Sasa kikinza kimeachiwa volti 4.8, na mkondo umekaribia ampea 0.7, yaani maradufu, wakati volti za betri zimepanda kwa moja ya tano tu! Kwa hiyo nunua kidhibiti-mkondo, ambacho madukani huitwa draiva, kilichoandikwa miliampea 700 na chenye uwezo wa kutoa volti kati ya 30 na 45 hivi. Kiwe cha aina ambayo upande wa diodi umetenganishwa kabisa na umeme wa ukutani.

Karibu nusu ya nguvu iingiayo kwenye diodi hugeuka joto, nalo sharti liondolewe kwa mgongo wa diodi. Kipande cha alumini chenye umbo la mfereji, cha sentimita 55, chafaa sana. Mafundi wa madirisha huwa na mabaki yake. Kisafishe, panga vibao vya diodi kwa nafasi sawa, weka chini ya kila kimoja tabaka jembamba la mafuta mazito ya kupitisha joto, kisha kaza kwa skrubu ndogo. Lehemu waya ukiwa umeshapima kwa mita kwamba hakuna diodi iliyogusana na alumini. Baada ya nusu saa ya kuwaka, mkono uweze kutulia juu ya alumini bila kuungua; ukishindwa, ongeza feni ndogo. Chini ya diodi funga kipande cha plastiki angavu, maana rasharasha ya maji ya chumvi hula alumini na lehemu kwa haraka ya ajabu.

Usalama wa watu haujadiliwi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Draiva isikae juu ya tangi. Waya wake uteremke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone litiririkalo lidondoke sakafuni. Soketi ilindwe na swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Wala wanafunzi wasikodolee macho diodi za buluu zikiwaka.

Tangi lenyewe liachwe wazi juu, feni ipulize uso wa maji. Lita 1 ikigeuka mvuke huchukua kilojuli 2,400 hivi, na lita 50 za maji huhitaji kama kilojuli 200 kushuka nyuzi 1; mwanafunzi atakokotoa mwenyewe ni nyuzi ngapi zingeshuka kama joto la chumba lisingerudi. Maji yaliyopungua yajazwe kwa maji baridi, si ya bahari, kwani chumvi haikuondoka na mvuke.

Siku ya kwanza taa iwe sentimita 30 juu ya maji na iwake saa 4 tu. Ongeza saa 1 kila baada ya siku 5 hadi kufikia 9, ndipo uanze kuishusha. Viumbe wakianza kupauka, rudi nyuma siku hiyo hiyo. Wala usipime nuru hii kwa simu au kwa mita ya luksi ukaamini jibu: mita hizo zimeundwa kufuata jicho la binadamu, ambalo kwenye nanomita 450 huona chini ya asilimia 4 ya lionavyo kijani. Taa inayoonekana hafifu kwenye mita yaweza kuwa kali mno kwa matumbawe.

Matumbawe yasing'olewe baharini kwa ajili ya tangi. Yale ya mifupa migumu hata biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Shule za pwani zianze na vipande vya mwani kutoka kwa wakulima wake, konokono wachache na samaki mmoja au wawili wadogo. Vipande hivyo vipimwe uzito kila Jumatatu, nusu vikiwa chini ya taa nyeupe na nusu chini ya buluu, na daftari la vipimo likae karibu na tangi.