Kupima Kuta za Mji Mkongwe kwa Leza

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, ikaua watu wawili. Ukuta unaoinama polepole waweza kugunduliwa mapema kwa chombo cha leza kifungwacho juu ya gari, vipimo vya mwaka huu vikilinganishwa na vya mwaka jana. Chombo hurusha mwali ukutani na kupima muda wa kurudi kwake. Nuru huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde hupotosha umbali kwa sentimita 15! Barabara ya Mizingani hupimika kwa urahisi. Taabu ni vichochoroni: gari haliingii, na kuta ndefu hukinga mawimbi ya setilaiti yanayokijulisha chombo mahali kilipo. Huko hapana budi kibebwe mgongoni.