'Hakuna matokeo' si ushahidi kwamba neno halikuwepo

Kuna sentensi ambayo nimeanza kuizoea katika tasnifu ninazosahihisha: "Neno hili halikutumika katika magazeti ya enzi ya ukoloni." Ukimuuliza mwanafunzi amejuaje, atakwambia aliingia katika hifadhi ya magazeti ya kale ya maktaba ya chuo kikuu, akaliandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, na jibu likaja: hakuna matokeo. Basi, yamekwisha! Dai hilo likishapita, mwingine atalinukuu, na si ajabu siku moja likaingia katika kitabu cha kiada kama historia ya lugha yetu.

Nisieleweke vibaya. Kuwekwa kwa magazeti haya katika mfumo wa dijitali ni neema kubwa. Zamani kusoma gazeti la miaka ya 1920 kulimaanisha kufunga safari, kuketi mbele ya mashine ya filamu ndogo na kuizungusha hadi macho yaume. Shida ni kudhani kwamba mashine imesoma kama tusomavyo sisi.

Mashine haitafuti katika ile picha ya ukurasa unayoiona. Inatafuta katika matini yaliyofichwa nyuma yake, ambayo programu ya kutambua herufi imeyakisia kutoka kwa picha. Wino ukiwa umefifia, "hata" huweza kugeuka "bata", na kibainishi cha ng'ombe kikapotea. Safu za magazeti nazo ni nyembamba na maneno yetu ni marefu. "Wanafundisha" likikatwa mwishoni mwa mstari, huenda likahifadhiwa kama vipande viwili visivyo na maana. Mashairi ndiyo huumia zaidi. Ukurasa uliopangwa beti katika safu mbili unaweza kusomwa moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, ukwapi wa mshairi huyu ukaungana na ukwapi wa mwenzake.

Hata programu ikisoma sawasawa, Kiswahili chenyewe kina mambo yake. Mifumo mingi ya kutafuta ilijengwa kwa kufikiria lugha ambazo mabadiliko ya neno huja mwishoni. Sisi tunabadilisha mwanzo, katikati na mwisho. Anayetafuta "soma" hatapata walisoma, hawasomi, wasomeshwe wala msomaji, ilhali ndiyo maumbo yaliyojaa magazetini. Akitafuta "ulimi" atakosa ndimi, na "jicho" halitamletea macho. Kwa hivyo tafuta mzizi, ukitumia alama ya nyota pale mfumo unaporuhusu. Ila ukiandika *som* jiandae kukutana na Wasomali na wachukuzi wanaosomba mizigo. Kuchambua hayo ni kazi ya mkono, na sioni njia ya mkato.

Kisha kuna tahajia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji iliundwa mwaka wa 1930. Kabla ya hapo kila kituo cha misheni na kila serikali ilikuwa na mazoea yake. Edward Steere, ambaye mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja ulitoka mwaka wa 1870, aliandika "killa" kwa kila, "ao" kwa au, na "bassi" kwa basi. Wajerumani waliandika Daressalam kama neno moja. Anayechunguza Msimulizi la Unguja la mwaka wa 1888, au Kiongozi lililoanza Tanga mwaka wa 1904, akitumia tahajia ya leo pekee anagonga mlango usio wake. Mimi huwaambia wanafunzi wasome matoleo mawili matatu kwanza, mstari kwa mstari, huku wakiorodhesha tahajia na msamiati wa gazeti lenyewe. Hapo ndipo utagundua kwamba treni unayoitafuta inaitwa gari la moshi, na Kisumu ya mwanzoni mwa karne ya 20 ni Port Florence.

Neno likipatikana pia, usishangilie mapema. "Mzalendo" lilitumika zamani kwa maana ya mwenyeji, mzaliwa wa mahali. Anayehesabu mara lilivyojitokeza na kuchora grafu ya ukuaji wa uzalendo, bila kufungua kurasa zenyewe, anapima kitu kingine kabisa.

Halafu kuna magazeti yasiyofikiwa na kisanduku hicho. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mjini Mombasa mnamo 1930, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha Al-Islah mwaka wa 1932. Utafutaji wa herufi za Kirumi hauwezi kuiona Sahifa hata ikiwa picha zake zimo. Anayetegemea kisanduku hicho hubaki na sauti ya misheni na serikali, kisha anaiita sauti ya Waswahili.

Kabla ya kuandika kwamba neno halikuwepo, nenda kwa mkutubi umwombe orodha ya matoleo yaliyomo na yanayokosekana. Kisha katika tasnifu taja gazeti, tarehe, ukurasa, na maumbo yote uliyoyatafuta, pamoja na yale yasiyoleta kitu. Msahihishaji akiyaona hayo, atajua "hakuna" yako inamaanisha nini.